Bisibisi ya Nyota

Ilianza kukohoa Jumanne,
mashine ya michezo ya Mwanakombo,
chini ya televisheni, ghorofa ya nane, Dundee,
mvua ikipiga dirisha kwa ubavu.
Kwanza mngurumo, kama mtu anayesaga karanga kavu,
kisha kioo kikaandika: Hifadhi haisomeki.
Kisha taa nyekundu. Kisha kimya.
Na binti yangu wa miaka kumi na mitatu akaniangalia
kana kwamba ni mimi niliyeizima.

Tanga nilikuwa natengeneza vyerehani.
Hapa nasukuma mashine ya kusugua sakafu hospitalini.
Lakini chombo ni chombo: kina njia ya kuingia moto
na njia ya kutoka, na kikigoma
huanzi na moyo, unaanza na waya.

Nikabadili waya. Kimya.
Nikabadili soketi, nikachomoa hata birika. Kimya.
Nikahesabu sitini kwa sauti,
nikakiminya kitufe bila kukiachia
mpaka ikalia mara mbili, ikaamka kwa unyonge,
ikanipa orodha: panga upya, rudisha, futa vyote.
"Usibonyeze hicho," akasema Mwanakombo.
"Mama. Hicho usibonyeze."
Tukabonyeza cha kwanza. Ikafika asilimia kumi na nne,
ikasaga karanga zake, ikazimika.

Skrubu zake zina vichwa vya nyota.
Bisibisi ya nyota sina.
Nikashuka kwa Morag, ghorofa ya tatu,
aliyeunganisha saa kiwandani miaka kumi na tisa
mpaka kiwanda kikafungwa, akabaki na vifaa
ndani ya kopo la biskuti.
Hakuniazima. Alipanda nalo mwenyewe,
lifti mbovu, akipumzika kila ngazi,
miwani juu ya miwani.

Tuliifungua juu ya gazeti.
Vumbi! Blanketi zima,
nywele zetu, manyoya ya soksi,
unga wa maandazi ya Idi mbili.
Morag akapuliza kidogo, akaacha kupuliza.
Kwa koleo lake jembamba akachomoa
katikati ya mapanga ya feni
kitu cheupe, kama punje ya hindi.

Jino.

Hatibu alikuwa ameshajificha nyuma ya pazia.
Ni mimi niliyemwambia, mwaka jana:
jino likitoka unalirusha juu ya paa,
unamwomba panya akupe jipya.
Lakini paa la hapa ni la manispaa, lina kufuli.
Akatafuta mahali penye giza na joto,
panapopumua kama mnyama,
akalidondosha kwenye matundu, akaomba.
"Na alinipa," akasema,
akafungua mdomo tuone.

Hatukujua tucheke au tumchape.
Morag, asiyejua Kiswahili hata neno,
ndiye aliyecheka kwanza.

Feni ikazunguka. Diski haikupona.
Joto lilikuwa limeshaiunguza; ukiiweka sikioni
ilisema tik, tik, tik,
kama mlevi anayejaribu ufunguo kwenye mlango wa jirani.
Tukaweka nyingine, ya mtumba, pauni kumi na nane.
Taa ikawaka buluu. Ndani tupu.

Saa mia mbili na kumi na mbili, alisema Mwanakombo,
bila kulia: mji wenye reli,
daraja lililomla likizo nzima,
mbuzi aliyempa jina la bibi yake.
Nilitafuta la kumwambia.
Pole ni neno dogo, halivuki daraja.

Niliporudi zamu, saa tisa za usiku,
nilimkuta amelala kwenye zulia, rimoti kifuani.
Kwenye kioo, uwanja wa nyasi,
kibanda kimoja hakijaezekwa,
mbuzi mmoja, bado hana jina.

Sikujua kitufe kipi kinahifadhi.
Nikamfunika kwa koti langu,
nikaiacha iwake mpaka asubuhi,
na umeme huu ulivyo ghali.